Kupiga Miguu Bila Kusogea

Mfanyakazi wa Singapore akikaa kwenye cheo kilekile miaka nenda rudi huku wenzake wakipanda, watu husema yuko "hentak kaki". Maneno hayo ni ya Kimalei na yametoka kwenye kwata: ndiyo amri ya kupiga miguu chini papo hapo, kikosi kikisubiri kuambiwa kiende. Anayeyatamka, mara nyingi, ni Mchina asiyeweza hata kuulizia njia kwa Kimalei.

Kayapata jeshini. Tangu 1967 vijana wa kiume nchini humo huitwa kulitumikia taifa wakishatimiza miaka 18, na wengi huanzia kambi ya kisiwa cha Pulau Tekong. Huko mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, lakini sajenti akisimama mbele ya kikosi ni Kimalei kitupu. Aliyepita JKT hatapotea. "Sedia!" ni mguu sawa, "senang diri!" ni mguu pande, "hormat!" ni saluti. Kuruta wakivuruga, hupigiwa "semula!", yaani warudie upya. Na "keluar baris!" huwaruhusu kutawanyika, sidhani kama kuna amri inayopendwa kuliko hiyo.

Kikatiba, Kimalei ndiyo lugha ya taifa, ingawa Wachina ni kama robo tatu ya raia. Hata wimbo wa taifa ni wa Kimalei. Kabla ya uhuru wa 1965, Kimalei cha sokoni ndicho kilichomkutanisha Mchina na Mtamil. Cha ajabu, miaka ya mwanzo ya utumishi huo wa lazima Wamalei wengi hawakuitwa jeshini, kwa kuwa serikali ilikuwa na shaka na utii wao. Lugha yao ikaaminiwa kabla yao.

Si amri tu zilizotoka kambini. "Tekan", kugandamiza, ni neno la kuruta kwa sajenti anayewatesa. Siku hizi hata bosi wa benki husemwa hivyo. Wanawake hawalazimishwi kwenda jeshini, lakini maneno haya huyasikia kwa kaka na waume zao.

Mwaka 2000 serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza raia waongee Kiingereza sanifu, waachane na Singlish, yaani Kiingereza chao cha mtaani kilichochanganyika na maneno kama haya. Kampeni hiyo ina kibarua kigumu, maana jeshi la serikali hiyohiyo linaendelea kuwapa vijana msamiati mpya wa Singlish, tena kwa lazima.