Kiazi cha Mwakani

Chimbua okidi moja ya nyasi za Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, uitazame kabla ya kuirudisha. Chini ya shina utakuta viazi viwili vimelala ubavu kwa ubavu. Kimoja kimenywea, ngozi imekunjamana, kwa kuwa ndicho kilicholisha jani na ua la msimu huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, kimezaliwa juzi tu. Hicho ndicho ua la mwakani.

Mchimbaji wa chikanda, jina la viazi hivi na la chakula kinachotokana navyo, hukitaka hicho cha pili.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Mvua zikishailainisha ardhi, ua humwonyesha shina lilipo. Jembe huingia kando, udongo huinuliwa, kiazi kipya huenda kwenye mfuko. Ua hubaki linanyauka juu ya nyasi, mara nyingi kabla ya kutoa mbegu. Ukimuuliza mchimbaji, hesabu yake haina mafumbo: viazi mviringo vinamdai mbegu, mbolea na dawa ya ukungu, chikanda inamdai mgongo na siku nzima ya kuinama. Hakuipanda yeye, na mnunuzi anakuja na pesa mkononi. Anayetaka kumlaumu na aanze kwa kuuliza bei ya mfuko wa mbolea.

Asichokiona kwa macho ni udogo wa mbegu aliyoikatiza. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula chake yenyewe, na haioti mpaka ikutane na kuvu wa udongoni atakayeilisha. Hata ikiota, miaka hupita kabla haijachanua.

Mkulima wa viazi akiliona gunia la mzigo huu angeweza kudhani ni viazi vya mbegu, vile vidogo vinavyobaguliwa baada ya mavuno. Mzigo husafiri hadi Tunduma mpakani, huvuka Nakonde, huingia sokoni Zambia. Huko hukaushwa na kutwangwa. Unga wake huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, kisha husongwa sufuriani hadi ushikamane. Makaa huwekwa chini na juu ya kifuniko ili uso uive. Hutoka kitu cha kahawia, kizito, kinachokatwa vipande kama soseji nene, ingawa hakina chembe ya nyama. Zamani kilikuwa chakula cha Wabemba wa kaskazini. Leo kinauzwa Lusaka, mezani kwa mama ntilie na kwenye maduka makubwa.

Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Miaka miwili baadaye Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba zipatazo 413. Kuipa nyasi na maua ulinzi uliozoeleka kwa tembo na simba lilikuwa jambo la kujivunia, na linastahili kusifiwa bila kusita. Lakini okidi hazikujua mpaka wa hifadhi ulipopita. Zipo pia nje, kwenye malisho na kando ya mashamba, na wala hamu ya walaji haikupungua.

Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Biashara ya kuvuka mpaka inahitaji kibali. Kibali, hata hivyo, hutaja spishi, na kiazi kilichochimbwa hakina jani wala ua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Sarina Veldman, ulivipima viazi kutoka masoko ya Zambia na kukuta spishi 16 za jenasi sita. Tatu kati yake hazikuwa zimewahi kuandikwa kuwa zinauzwa.

Ofisa wa mpakani hana maabara. Akifungua gunia anaona viazi vidogo vyenye udongo. Na hata maabara ikimpa jina, je, itamwambia kiazi kilichimbwa wapi: ndani ya Kitulo, au kwenye kipande cha nyasi ambacho mama mmoja wa wilaya ya Makete anakiita chake?