Chonga njia zako za panya kwenye terminali

Wewe unayejifunza kuandika programu kwa laptopu ya mtumba, au hata kwa simu yenye Termux, hebu hesabu: leo umeandika cd mara ngapi? Kila asubuhi ni ileile, cd ~/kazi/wateja/duka/picha, na ukikosea herufi moja unaanza upya. Dereva wa matatu akiona msongamano hukata kona akaingia njia ya panya. Mbona wewe ung'ang'anie barabara kuu?

Anza na zile ambazo hazihitaji kuseti chochote. Andika cd pekee, itakurudisha kwenye folda yako kuu. Ukiandika cd .. unapanda ngazi moja. Nayo cd - inakurudisha ulikotoka, poa sana ukiwa unarukaruka kati ya folda mbili. Majina marefu usiyamalize kwa mkono: andika herufi chache, bonyeza Tab, Bash ikumalizie.

Sasa chonga yako. Andika nano ~/.bashrc, kisha mwishoni mwa faili hilo ongeza mstari huu:

alias duka='cd ~/kazi/wateja/duka/picha'

Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya =. Hifadhi, toka, halafu andika source ~/.bashrc. Kuanzia hapo, neno duka tu linakufikisha. Kama mashine yako inatumia zsh, kama zilivyo Mac nyingi siku hizi, faili ni .zshrc. Na kabla ya kuchagua jina, uliza kwanza: type duka. Ukijibiwa halipatikani, basi liko huru, lichukue.

Lakini kasi isikupofushe. Terminali haina pipa la taka. Ukifuta kwa rm, faili ndio limeenda hivyo. Tuseme umeandika duka; rm *.jpg ukitaka kuondoa picha za zamani. Kumbe folda ile ilibadilishwa jina jana. cd inafeli, unabaki palepale ulipokuwa, na rm inafagia picha za mteja mwingine. Hapo hata kazi umepoteza.

Dawa yake ni herufi mbili. Badala ya ; weka &&, yaani duka && rm *.jpg. Hapo amri ya pili haitafanya kazi kama ya kwanza imefeli. Na ukiwa na shaka, andika pwd, ujue uko wapi kabla hujafuta kitu cha mtu.