Godoro la Wawili Walalao Ubavu

Mama mmoja alifika kliniki ya mifupa akilalamikia maumivu ya bega yaliyokuwa yakimwamsha usiku kwa miezi mitano. Dawa za kutuliza maumivu hazikumsaidia, na picha ya eksirei haikuonyesha kasoro. Nilipomuuliza analalaje, alieleza kuwa yeye na mumewe hulala ubavu, juu ya godoro gumu walilonunua kwa kuambiwa kuwa ugumu ndio dawa ya mgongo. Mumewe, mwenye mwili mkubwa, hakuwa na shida yoyote.

Imani hiyo imeenea, lakini mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliohusisha watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu.

Alalaye ubavu huelemea zaidi bega na nyonga. Tabaka la juu la godoro likiwa gumu, sehemu hizo hugandamizwa na kiuno hukosa egemeo. Likiwa laini mno, nyonga huzama na uti wa mgongo hupinda. Ugumu wenyewe hutegemea uzito wa alalaye: sponji inayombonyea mume vizuri, mkewe mwepesi huiona kama ubao.

Wanandoa wanaweza kujipima nyumbani. Mmoja alale ubavu kwa dakika 15, kichwa kikiwa juu ya mto wake, na mwenzake amtazame kwa nyuma. Uti wa mgongo unyooke kuanzia shingoni hadi nyongani. Kisha apitishe kiganja chini ya kiuno: kikipita bila kugusa kitu, tabaka ni gumu, kisipopenya, ni laini kupita kiasi. Baadaye wabadilishane.

Majibu yakitofautiana, si lazima kununua godoro jipya. Kwenye kitanda cha futi 5 kwa 6, vipande viwili vya sponji vyenye upana wa futi 2 na nusu hukaa sambamba chini ya shuka moja: laini kwa mwepesi, imara zaidi kwa mzito, vyote vya unene wa inchi 2 au 3. Godoro la chini lisiwe limebonyea, kwani tabaka jipya litafuata shimo lile lile.

Mambo mawili yazingatiwe. Kitanda kikiinuka, hakikisheni chandarua bado kinachomekeka chini ya godoro pande zote. Mtoto mchanga asilazwe juu ya tabaka laini, kwani anaweza kukosa hewa. Alazwe chali, peke yake, mahali pagumu na tambarare.

Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito, miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo si ya godoro. Mgonjwa awahi hospitali.

Mama yule aliweka kipande cha inchi 2 upande wake tu. Aliporudi baada ya mwezi, alikuwa akilala hadi alfajiri. Wahudumu wenzangu, kabla ya kuandika dawa kwa maumivu ya usiku, tuulize: unalalaje, juu ya nini, na pamoja na nani?