Mabwawa ya Mwani na Uwanda wa Mto Tana

Maji taka yakituama katika bwawa la kina kifupi penye jua, husafishwa na viumbe wa aina mbili: bakteria, na mwani mdogo usioonekana bila hadubini. Bakteria huozesha kinyesi na mabaki ya chakula kwa kutumia oksijeni, wakaacha majini hewa ukaa, amonia na fosfeti. Mwani hujilisha vitu hivyo na, kwa nguvu ya jua, hutoa oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji. William Oswald na Harold Gotaas wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliueleza uhusiano huu mwaka 1957, ingawa mabwawa yenyewe yalikuwa yakitumika kabla ya hapo.

Nchini Kenya mfano unaojulikana zaidi ni mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai, yanayopokea maji taka ya Nairobi. Mabwawa ya namna hii hupangwa kwa mfuatano. La kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5 na halina oksijeni. Humo tope huzama, likachachuka na kutoa methani. La pili, lenye mita moja na nusu hivi, ndilo makao hasa ya mwani. Ya mwisho yana kina kifupi zaidi, na kazi yake ni kuua vijidudu vya maradhi. Mchana mwani hufyonza hewa ukaa kwa kasi hata maji yakapoteza asidi na kipimo cha pH kikapita 9. Hali hiyo, ikiungana na mwanga mkali na oksijeni tele, huwaua bakteria wa kinyesi. Mayai ya minyoo ni sugu zaidi: hayo huzama tu, ndiyo maana tope linapochimbuliwa halifai kumwagwa shambani moja kwa moja.

Garsen, mji wa vyoo vya shimo katika uwanda wa Mto Tana, una karibu kila kinachotakiwa kwa mabwawa kama haya: joto, jua la mwaka mzima na ardhi tambarare, bila haja ya mashine za umeme za kupuliza hewa. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni huzuia maji kuvuja. Penye mchanga, sakafu ya bwawa hulazimika kuzibwa. Shida ni mto. Tana ilifurika vibaya mwaka 1997, 2018 na tena 2024, na bwawa lililochimbwa uwandani bila tuta imara litamwaga uchafu wake wote mahali Wapokomo wanapolima na Waorma wanaponywesha ng'ombe. Kwa hiyo uamuzi wa mahali pa kuchimba una uzito zaidi kuliko ufundi mwingine wowote, na mahali panapofaa ni juu ya alama za mafuriko ya zamani, hata kama mabomba yatakuwa marefu.

Maji yanayotoka katika bwawa la mwisho bado yana rangi ya kijani. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka oksijeni itakayohitajika kuozesha uchafu uliobaki isizidi miligramu 30 kwa lita, na mwani wenyewe, ukifa, huoza na kuingia katika hesabu hiyo. Dawa ya kawaida ni kuyapitisha maji kwenye kichujio cha mawe, au katika kinamasi cha matete kilichopandwa makusudi, mwani ukakwama humo kabla maji hayajafika mtoni.