Pembetatu ya Juni

Ikifika tarehe 30 Juni, maduka ya vitamu mjini Kyoto hujaa minazuki. Ni pembetatu nyeupe inayonatanata, juu imejaa maharage mekundu madogo yaitwayo azuki. Mpishi hukoroga unga wa mchele, sukari na maji, kisha hupika rojo hilo kwa mvuke. Likikaribia kushikana hutandaza azuki zilizochemshwa kwa sukari, humwagia rojo alilobakiza ili zigande, na kulirudisha mvukeni. Likipoa ndipo hulikata.

Kwa nini pembetatu? Zamani barafu ya majira ya baridi ilihifadhiwa mashimoni milimani, ikafunikwa nyasi, na mwezi wa sita ikapelekwa kwenye kasri la mfalme. Kyoto imezungukwa na vilima na joto lake ni la kuchosha. Mtu wa kawaida barafu hiyo aliisikia tu. Basi, kama wasimuliavyo wenyeji, watu wakajitengenezea yao ya unga, wakaikata mfano wa bonge la barafu lililovunjika. Azuki nazo zina kazi yake: wekundu wake huaminiwa kufukuza mabaya, na siku hiyo watu huenda kwenye mahekalu ya Kishinto kujitakasa, nusu mwaka imekwisha. Katika vitamu vyote vya Japani hiki ndicho ninachokiheshimu zaidi, kwa kuwa kilibuniwa na walionyimwa.

Mei 5, siku ya watoto, huliwa kashiwamochi, keki ya mchele ya kunata iliyofungwa kwa jani la mwaloni. Jani hilo hukauka lakini halidondoki hadi chipukizi litokeze: dua kwamba mzazi asiondoke kabla ya kuacha mrithi.

Halafu kuna donge la wali wa kunata lililovikwa azuki zilizopondwa, sadaka kwa wahenga siku ambazo usiku na mchana hulingana. Machi huitwa botamochi, kwa ua la botan. Septemba huitwa ohagi, kwa ua la hagi. Wengi hudhani tofauti ni jina tu, kumbe ilianzia jikoni. Azuki huvunwa majira ya vuli, na zikiwa mpya ganda lake ni laini, hupondwa nalo. Zikikaa hadi Machi ganda hukakamaa, ikabidi zichujwe, libaki rojo laini tupu.

Leo maduka mengi huuza mwaka mzima kwa jina moja la ohagi. Inaniuma, maana jina la botan likisahauliwa, hakuna atakayeuliza kwa nini donge la Machi halikuwa na maganda.