Lugha na Ushirikishwaji wa Wagonjwa wa Usahaulifu katika Utafiti na Huduma

Makala haya yanafafanua kwa nini watu wanaoishi na dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra na usemi, wanastahili kushirikishwa katika utafiti na huduma zinazowahusu.

Taaluma yenyewe ilianza kwa mazungumzo. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimhoji mgonjwa wake, Auguste Deter, akayanakili majibu yake. Hata hivyo, kwa muda mrefu baadaye jamaa na wauguzi ndio walioulizwa zaidi, kwa dhana kwamba anayesahau hana la kusema. Waswahili hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nchini Kenya, mradi wa STRiDE, ulioanza mwaka 2018 katika nchi 7, ulifanyia kazi kaunti ya Makueni na kushughulikia, pamoja na mengine, unyanyapaa. Suala hilo lina uzito uo huo Musanda, karibu na Mumias, ambako Kiwanga ndicho lugha ya nyumbani ya wazee wengi. Hojaji mashuhuri iliyotungwa Marekani mwaka 1975 humtaka mhojiwa ataje majira ya mwaka, aandike sentensi na aendeleze neno kinyumenyume. Ajuza asiyewahi kuketi darasani atashindwa, ijapokuwa anaujua barabara msimu wa kupanda mahindi na ukoo wa kila mkaza mwana. Ataandikwa mgonjwa, kumbe hakusoma tu. Kwa upande mwingine, mgonjwa halisi huambiwa amerogwa, au kwamba huo ni uzee, akakosa msaada.

Ushirikishwaji unaofaa una hatua tatu. Kwanza, wagonjwa na walezi wao wayapime maswali kabla hayajatumika. Pili, ridhaa iombwe kwa lugha ya mgonjwa, kwa sentensi fupi, na irudiwe kila kikao, kwa kuwa ya jana huenda ameisahau. Tatu, aulizwe huduma anayoitaka, na mlezi asimjibie pale anapoweza kujibu mwenyewe.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Istilahi inayomwita mzee mwendawazimu humfungia mlango wa zahanati kabla hajaufikia. Kwa hiyo, uundaji wa istilahi za maradhi haya usiishie katika kamusi. Uanzie kwa wenye kuugua.