Wati tano zinazokula arobaini

Amplifaya ndogo ya gitaa ya valvu, tuseme Fender Champ, hutoa wati 5 tu za sauti, ndiyo maana wapiga gitaa hudhani betri yoyote itaipeleka ufukweni. Ikichomekwa ukutani, mashine hiyo huvuta wati 40 hivi, na sehemu kubwa huishia kuwa joto. Valvu ya 5Y3, inayogeuza AC kuwa DC, hula wati 10 kwa kujipasha moto tu. Inveta, inayogeuza DC ya betri kuwa AC ya ukutani, nayo ina ushuru wake. Basi piga hesabu ya wati 50 kutoka kwenye betri.

Wengi huanza na betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ile inayokaa ndani ya UPS. Ni rahisi, ila ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kwenye karatasi ina wati-saa 84, lakini ukiikamua yote kila mara utaiua mapema. Ukiishia nusu, unapata dakika 50, tena kwa bahati, maana ampea-saa 7 hizo hupimwa kwa matumizi ya polepole ya saa 20, nawe unavuta ampea 4. Ikistahimili mizunguko 400 ya kuchaji na kutumia, umenunua kama saa 330 za muziki.

Lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo haifiki nusu ya uzito wa ile ya risasi. Unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila hofu, yaani karibu saa moja na nusu, na mizunguko 2,000 ni jambo la kawaida kwake. Hizo ni zaidi ya saa 2,500. Hata wakikuuzia kwa bei mara nne, pamoja na chaja yake maalumu, bado kila saa inakuja rahisi.

Pa kubania pesa si kwenye inveta. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi: spika inanguruma na transfoma inachemka. Nunua ya wimbi laini. Na kama Champ yako ni ya soko la Marekani, inataka volti 120. Ukiipa 230 utanusa moshi.

Wapo wanaounganisha betri za volti 9 za kuchaji, arobaini kwa mstari, wapate volti 330 bila inveta. Nani atazichaji zote arobaini? Hita za valvu bado zitadai betri yake pembeni, na DC ya volti hizo inaua.

Asiyejali ladha ya valvu achukue Roland Micro Cube: betri sita za AA, mchana kutwa.

Fundi atakushauri ung'oe 5Y3 uweke dayodi, uokoe wati 10. Ni kweli, lakini volti za ndani zitapanda, na ile sauti inayonyong'onyea kidogo ukizipiga nyuzi kwa nguvu itapungua. Mimi ningeiacha mahali pake, nikabeba betri ya pili.